Mvinyo wa mabibo huanzia chini ya mkorosho

Mikorosho ya Bungu, Jaribu na Mjawa, huku kwetu pwani, inakaribia kuzaa, na kama kawaida korosho itakwenda ghalani, bibo litaachwa lioze shambani. Hasara hiyo ni kubwa, maana bibo lina uzito wa mara tano hadi kumi wa korosho yake, na kwa vitamini C linalipita chungwa kwa mbali. Wapo wanaolikamua, ila kinywaji chao mara nyingi hukaza ulimi na kugeuka siki baada ya siku chache. Lawama huangushiwa hamira. Kwa maoni yangu kosa hutokea mapema zaidi, siku ileile bibo lilipoanguka.

Ngozi ya bibo ni nyembamba mno. Likidondoka hupasuka, mchanga huingia, na kwa joto letu la pwani huanza kuchacha lenyewe kabla ya siku kwisha. Kibaya zaidi, mvua za vuli hutukuta katikati ya mavuno. Kwa hiyo fyeka na fagia chini ya mti mapema, okota asubuhi na jioni, na mabibo yaliyopondeka usiyachanganye na mazima. Mtu atasema korosho haichumwi mpaka ianguke yenyewe. Ni kweli kabisa, na sishauri kuangua. Nashauri kuokota kila siku, jambo linaloiokoa na korosho isilale kwenye udongo mbichi ikashuka daraja. Madhara mengine ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho: bibo lililoshambuliwa hutoka na makovu na nyufa, kwa hiyo salfa iliyopulizwa kwa wakati wa maua huhesabika hadi kwenye chupa. Wakulima wa zabibu wa Dodoma nao huitumia salfa dhidi ya ugonjwa wa jamii hiyo, na watengenezaji mvinyo wanajua kwamba mabaki yake juu ya tunda huleta harufu ya yai viza. Osha mabibo kwa maji safi, mara mbili.

Ukakasi nao una dawa, tena ipo Rufiji kwa wingi: mchele. Wakulima wa Kerala, India, hutia uji mwepesi wa mchele kwenye maji ya bibo, wakakoroga na kuacha yatulie. Tanini hugandamana na kuzama, yakachujwa yaliyo juu. Tumia vyombo vya plastiki, kwani chuma huyatia weusi. Kila asilimia moja ya kilevi hutaka takriban gramu 17 za sukari kwa lita, na sukari ya bibo pekee hutoa mvinyo dhaifu usiodumu. Gramu 100 za kuongeza kwa lita huufikisha karibu asilimia 12. Tia hamira ya mvinyo, funika, weka kivulini, zungushia gunia bichi.

Wengi huku hawanywi kilevi, na hoja yao ni ya kuheshimiwa. Hatua zote hadi kuchuja ni zilezile kwa sharubati. Hapo utaipasha moto na kuifunga kwenye chupa zilizochemshwa badala ya kutia hamira. Wanaolenga soko waanze kidogo na kuwaona SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, kabla ya kuuza, wala wasishawishike kupika gongo, jambo ambalo ni kosa kisheria. Fyekeni chini ya mikorosho wiki hii, vuli haijafika.