Somo la Wiki: Mwenzako Anapoupenda Mpira

Fungua 1 Petro 3:7, na uweke kidole pia kwenye 1 Wakorintho 9:24-27. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mke wangu amenipa ruhusa nilisimulie, na ameniambia nisilipunguze.

Kwa kawaida jambo hili huletwa ofisini na akina dada. Dada anakuja analalamika kwamba bwana yake ameolewa na mpira. Nyumbani kwangu ni kinyume. Mimi ndiye nisiyejua mpira, na shabiki ni mama watoto.

Ilianza Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa hapa Kenya, Tanzania na Uganda. CHAN ilikuwa ya wachezaji walio katika ligi za nchi zao tu, kwa hivyo Harambee Stars walikuwa vijana wa hapa hapa, si wale wa kuletwa na ndege. Jumapili tarehe 3 tukaifunga DR Congo 1-0. Tukatoka sare na Angola. Jumapili iliyofuata tukaifunga Morocco 1-0, Morocco hao hao waliokuja kuchukua kombe. Jumapili nyingine tena, Zambia 1-0. Mke wangu, ambaye mwezi wa saba hakujua kona ni nini, alikuwa ameshafika nyumbani kabla sijamaliza kusalimia washirika mlangoni.

Ijumaa tarehe 22 ikawa robo fainali na Madagascar, Kasarani. Sare, halafu tukatolewa kwa penalti. Niliingia nyumbani kuchukua koti na Biblia niende kesha, nikamkuta ameketi sebuleni analia. Nikamwambia, "Mama watoto, si huo ni mpira tu?" Nikafunga mlango nikaenda kuombea familia za watu.

Nilidhani CHAN ikiisha mambo yatatulia. Wapi! Septemba akachagua Arsenal. (Washirika wanaojua mambo haya wameniambia nimuombee.) Sasa ikawa kila Jumamosi jioni chakula kinangoja mechi, na katikati ya wiki kuna nyingine za saa nne usiku. Na Uingereza wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba, mechi za kwao zinasogea kwetu kwa saa nzima, kwa hivyo hiyo ya saa nne inakuwa ya saa tano.

Mimi nilisoma biashara chuoni, na mtu wa biashara akiona tatizo anatafuta karatasi. Nikakaa mezani nikaandika: timu moja ya ligi ya Uingereza inacheza mechi 38 kwa msimu. Kila mechi, pamoja na mapumziko, ni karibu saa mbili. Jumla saa 76, bila kuhesabu vikombe. Nikampa ile karatasi baada ya chakula. Nilikuwa hata nimeandaa mstari kuhusu kuukomboa wakati.

Aliisoma polepole. Kisha akaigeuza, akaomba kalamu. Akaandika upande wa pili: Jumanne, kamati ya wazee. Jumatano, mafunzo ya Biblia. Alhamisi, kwaya. Ijumaa, kesha. Jumamosi, kamati ya harusi ya mtu. Akaniuliza masaa ya kila moja, na mimi kwa ujinga nikawa namjibu. Ikafika saa 12 kwa wiki, Jumapili haijaguswa. Akasema, "Pastor, kwa wiki saba wewe umemaliza msimu mzima wa ligi." Akiniita Pastor ndani ya nyumba, najua nimefika pabaya.

Nilitafuta mahali pa kuipinga hesabu hiyo. Sikupaona.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo ningeuliza mwezi wa nane: siku ile ulikuwa unalilia nini? Akanieleza kwamba tangu tuhamie mtaa huu kwa ajili ya kazi ya kanisa, hakuna jirani aliyewahi kukaa kwetu zaidi ya dakika kumi. Wakati wa CHAN majirani walianza kuja kuangalia pamoja, na watoto wao. Goli la Morocco lilipoingia, mama wa nyumba ya tatu alimkumbatia, na walikuwa hawajawahi hata kuambiana majina. Tulipotolewa kwa penalti, wageni walichukua watoto wao wakaondoka, na nyumba ikawa kimya tena. Halafu mimi nikaingia kuchukua koti.

Sasa turudi kwenye Neno. Petro anawataka waume wakae na wake zao wakiwaelewa, na anaonya kwamba mume akikosea hapo, maombi yake yanazuiliwa. Fikiria mimi niliyekuwa nakimbilia kesha! Kumwelewa mtu si lazima upende anachopenda. Ni kujua kinampa nini. Naye Paulo hakuona aibu kusema habari za mbio na ngumi. Karibu na Korintho kulikuwa na michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na watu aliowaandikia waliijua. Alianzia pale walipokuwa wanatazama. Mimi nilianza kwa kuwahesabia dakika.

Sisemi hakuna mipaka. Paulo huyo huyo katika 1 Wakorintho 6:12 anakataa kutawaliwa na kitu chochote, hata kile kinachoruhusiwa. Na kubashiri ni jambo lingine kabisa, tusilifunike kwa jina la ushabiki. Nimeketi na ndugu ambaye karo ya muhula iliishia kwenye mkeka wa simu, na mke wake alijua siku mtoto aliporudishwa nyumbani. Hapo usianze kwa kuuliza mwenzako anapenda nini. Anza na pesa ziko wapi, na umtafute mchungaji au mzee wa kanisa mapema, deni likiwa bado dogo.

Kwetu tumekubaliana hivi: ada ya televisheni iko kwenye bajeti ya mwezi na haizidi hapo. Mechi ya saa tano usiku haiangaliwi kama kesho yake kuna shule. Nami nimetoka kwenye kamati mbili. Jumamosi naketi naye. Bado kuotea sijakuelewa. Amenifafanulia kwa vikombe vya chai mara tatu.

Kazi ya ushirika wa nyumbani wiki hii: kila mmoja aje na karatasi ya masaa yake mwenyewe, si ya mwenzake. Mbadilishane mkiwa wawili kabla ya kuja. Alhamisi sitakuwepo kwenye mazoezi ya kwaya, kiongozi wa kwaya ameshajulishwa.