Riwaya Ipi kwa Nani? Ushauri wa Mkutubi wa Arusha

Wazazi wengi hunifuata mezani wakiuliza: mtoto wangu asome nini? Akiwa na miaka 9 hadi 12, anza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Lugha yake ni ya zamani kidogo, hivyo usimwachie asome peke yake. Msomee kidogo kila jioni, kisha ukatize pale Adili anapoonekana usiku akiwachapa nyani wawili. Kesho yake atakukumbusha mwenyewe.

Kijana wa sekondari mpe Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa sare na ada, na mtaa unawapokea kwa ukatili. Mna habari za dawa za kulevya na vifo, kwa hiyo mzazi atangulie kuisoma, wapate kuizungumza pamoja.

Na mtu mzima ambaye hajashika kitabu tangu amalize shule? Nagona ya Kezilahabi ni fupi, lakini ni ngumu, iache kwanza. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa anapeleleza mauaji. Hamu ya kumjua muuaji itakuvuta mpaka mwisho. Ukishazoea, pokea Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli ya fasihi mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni.

Kwa wakazi wa Meru nina ombi la pekee: itafuteni Blood on Our Land ya Ismael Mbise, ya mwaka 1974. Inahusu Wameru walivyoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata, Kirilo Japhet, mwakilishi wao, alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki yao. Riwaya hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Kijana aisome, amsimulie bibi kwa lugha ya nyumbani, kisha amsikilize bibi naye anakumbuka nini.

Utavipata wapi? Anzia maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Beba kitambulisho na picha ndogo, na umwandae mtu wa kukudhamini. Uliza ada ya uanachama, siku za kukaa na kitabu na faini ya kuchelewesha. Kama unakuja mjini kwa daladala kutoka Tengeru au Ngaramtoni, piga hesabu ya nauli ya kurudisha pia. Majirani wawili wanaweza kupokezana safari.

Kwa wauza vitabu vya mitumba bei ni maelewano. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwisho uone kama zipo zote. Kitabu kikikosekana mjini, muuza vitabu anaweza kukiagiza Dar es Salaam kije kwa basi. Patana naye mapema nani atalipia usafiri wa kifurushi.