SOMO LA ROBO HII: TUIJARIBU PAWATILA YA ZAMANI KABLA YA KUITENGENEZA



Baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila nyingi ziliingia nchini. Baadhi zimelala stoo, na kamati ikipata moja hukimbilia kununua spea. Sisi tunashauri ijaribiwe kwanza. Jaribio la saa chache huonyesha kama sadaka ya washarika na mchango wa wafadhili viwekwe kwenye mashine hiyo au la. Lifanywe na fundi, kamati ikishuhudia.

1. Mahali. Mashine itolewe nje, kwa kuwa moshi wa injini ndani ya stoo huua. Mikanda ivuliwe, gia iwe huru, matairi yawekewe mawe. Watoto wakae mbali.

2. Oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Ikizidi kipimo na kunuka dizeli, huenda pampu inavuja. Hali zote mbili, msiwashe. Zikiwa salama, mwageni dizeli ya zamani, wekeni mpya, na jazeni maji ya kupoza.

3. Kuzungusha. Dizeli ikiwa imefungwa, inueni wenzo wa kuondoa mgandamizo, kisha zungusheni hendeli taratibu. Ikigoma msilazimishe, pistoni inaweza kuwa imeshika kutu. Mkiachia wenzo, hendeli iwe nzito. Ikizunguka kwa wepesi, ringi au valvu zimechoka.

4. Kuwasha. Chujio la hewa livuliwe kwa muda huu mfupi. Anayezungusha hendeli aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi nyuma isimvunje. Mwenzake ashike kipande cha ubao. Injini ikikimbia bila kuzuilika, afunge dizeli na kuziba tundu la hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

5. Moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa haitoshi. Mweupe usiokoma ni maji au dizeli isiyoungua vizuri.

Andikeni matokeo, fundi akadirie gharama, kisha linganisheni na bei ya mashine nzima. Kukataa mashine mbovu nako ni uwakili mwema.

Maswali ya kujadili:
(a) Nani katika kamati yetu atasimamia jaribio?
(b) Matengenezo yakifikia gharama gani tutaiacha mashine?