Likelemba ya wanafunzi wa Komanda tulioko Bunia

Kutoka Komanda hadi Bunia, huku kwetu Ituri, ni kilomita 75 hivi, lakini mwanafunzi wa kwetu hana hakika kama njia itakuwa wazi siku atakayoihitaji. Wadogo zangu mnaoingia Université de Bunia, ISP (chuo cha ualimu) au chuo kingine mjini, tafutaneni juma lile la kwanza, kabla ya shida.

Sisi tulianza na likelemba, yaani kuchanga pesa pamoja na kuzichukua kwa zamu. Mama zetu sokoni hupiga kura kujua nani atangulie kuchukua. Ya wanafunzi haiwezi kwenda hivyo, kwa sababu kila chuo kina tarehe zake za kulipa transhi, yaani awamu za ada, na asiyelipa huondolewa kwenye mtihani. Andikeni tarehe za kila mmoja katika daftari, zamu zifuate hizo, hata kama anayebanwa ndiye aliyejiunga mwisho. Mchango uwe kiasi ambacho mwenye kipato kidogo kuliko wote anakiweza. Mwenye zaidi aongeze kwenye sanduku la dharura.

Sanduku hilo msilidharau. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waasi wa ADF walishambulia kanisa Katoliki la Komanda, wakaua watu zaidi ya 40. Familia zilikimbia, kakao ikabaki shambani, na pesa za masomo zikakatika. Kuna waliopokea wazazi na wadogo zao katika chumba kimoja cha kupanga. Mtu wa namna hiyo msimuulize atarudisha lini. Mlipieni, asome.

Mwenzenu akikwama nyumbani, mteueni mtu mmoja kwa jina ampigie picha noti za kila siku na kumtumia mtandao unaporudi. Huyo huyo amwone mapema mkuu wa promosheni, jina la aliyekwama lisikosekane kwenye orodha ya sesheni ya pili ya mitihani. Chakula hakina maneno mengi: gunia la muhogo likifika, pikeni pamoja.

Lakini hali ya wasichana inaniuma moyo. Pesa zikipungua nyumbani, mara nyingi wao ndio wa kwanza kurudishwa. Tumejifunza kuwapigia wazazi tukiwa na risiti mkononi: baba, transhi hii imelipwa, imebaki hii moja, na sisi tunatoa nusu. Mzazi akisikia hesabu kamili, anakuwa na jambo la kufikiria. Simu hiyo ipigwe mapema, kabla watu wa mahari hawajafika.