Sala ya Chakula na Juisi ya Boksi

Likizo iliyopita nilishuka stendi ya Tukuyu na epo za Afrika Kusini na juisi ya boksi, zawadi kwa bibi. Bibi ana kisukari. Mimi na digrii yangu ya falsafa wala sikulifikiria hilo! Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaandaa maharage, ndizi (anakula kwa kipimo) na parachichi la mti wa uani. Nikaombwa nisalishe sala ya chakula. Sauti ikanikwama.

Katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 227, Papa Fransisko anatukumbusha kushukuru kabla na baada ya kula, tukiwakumbuka pia waliokitolea jasho chakula hicho. Parachichi lile alilipanda bibi mwenyewe. Zile epo zilisafiri maelfu ya kilomita, mafuta yakiungua njia nzima. Sisemi epo ni dhambi, jamani. Ila Rungwe na mvua yake yote!

Kijana mwenzangu, wiki hii kabla ya kusali itazame sahani: nani kalima, na wapi?

Nilipoaga, bibi alinifungashia maparachichi sita. Juu yake akaweka lile boksi la juisi.