Ladha ya Magadi katika Biskuti za Oti

Biskuti za oti huhesabiwa kuwa miongoni mwa vyakula rahisi kuoka. Oti ni nafaka ya nchi za baridi, Avena sativa kwa jina la kitaalamu. Watu wengi huiita shayiri, ingawa shayiri hasa ni mmea mwingine. Kabla ya kupakiwa, punje zake hupikwa kwa mvuke na kubanwa ziwe bapa. Mvuke huo huvizima vimeng'enya ambavyo, vikiachwa, huyafanya mafuta ya nafaka hiyo kuwa machungu.

Mpishi huchanganya kikombe kimoja cha oti, kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, gramu 125 za siagi, yai moja na nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Unga wa ngano hauachwi, kwani oti hazina gluteni ya kushikamanisha donge. Vidonge hubonyezwa na kuokwa kwa dakika 10 hadi 12 katika joto la nyuzi 180 za sentigredi hivi. Pasipo na jiko la umeme, sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga mkavu hufaa, makaa machache yakiwa chini na mengi zaidi juu ya kifuniko.

Hata hivyo, mara nyingi biskuti hutoka na rangi nzuri lakini huacha ulimini ladha kama ya sabuni. Wengi hulaumu siagi au moshi. Aghalabu kosa ni la soda.

Soda ya kuokea ni sodiamu haidrojeni kaboneti. Ikipata joto huvunjika hivi:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Wanafunzi wakipiga hesabu kwa uzito wa molekyuli, wataona kwamba gramu 100 za soda hutoa gramu 26 tu za kaboni dayoksaidi, ile gesi inayoumua biskuti. Gramu 11 ni maji. Gramu 63 zilizosalia ni sodiamu kaboneti, nayo haiendi popote: hubaki ndani ya biskuti na kuliwa. Ndiyo yenye ladha ya sabuni.

Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani bila maabara. Karatasi nyeupe ipakwe maji ya manjano, ile binzari ya mapishi, kisha ikaushwe. Soda mbichi iliyoyeyushwa katika maji baridi huibadilisha rangi kidogo sana. Soda iliyokaangwa kwa dakika kadhaa katika kijiko cha chuma kilichoshikwa kwa koleo, ikapoa na kuyeyushwa, huigeuza karatasi hiyo kuwa nyekundu ya udongo, kwa sababu kaboneti ni alkali kali zaidi.

Basi ni kosa kubwa kutumia magadi badala ya soda ya kuokea, kwa kudhani kwamba ni kitu kimoja. Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya na ya Ziwa Natron nchini Tanzania kwa sehemu kubwa ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, ambayo kaboneti imo tangu mwanzo. Gramu 100 za trona safi zikichomwa hutoa kiasi cha gramu 10 tu za gesi na kuacha gramu 70 za kaboneti. Mpishi akiona biskuti haikuumuka, huongeza magadi, na ladha huzidi kuharibika. Tena baadhi ya magadi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ambayo huyatia madoa meno ya watoto yanapokuwa bado yanakua. Na biskuti ni chakula cha watoto.

Dawa yake ni asidi. Soda ikikutana na asidi ya kutosha, gramu 100 hutoa gramu 52 za gesi, yaani maradufu, wala kaboneti haibaki. Kwa hiyo robo kijiko cha chai cha soda pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu hutoa gesi sawa na nusu kijiko kisicho na ndimu: zaidi kidogo ya theluthi moja ya lita. Lakini donge lisicheleweshwe, kwani gesi huanza kutoka papo hapo. Poda ya kuokea haihitaji ndimu, kwa kuwa asidi imekwisha kutiwa humo.

Mwalimu aoke mafungu mawili, moja lenye ndimu na moja lisilo nayo, kwa moto uleule na muda uleule. Lenye ndimu litatoka jeupe zaidi. Wanafunzi watadhani halikuiva, na hapo ndipo penye somo la pili. Rangi ya kahawia hutokana hasa na mmenyuko kati ya sukari na asidi amino za protini, ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mmenyuko huo huenda kasi zaidi penye alkali. Ile kaboneti iliyoharibu ladha ndiyo iliyokuwa ikiongeza rangi. Anayetaka rangi bila sabuni apunguze ndimu kidogo kidogo, fungu baada ya fungu, akiandika vipimo vyake kila mara.