Vitufe vya Redio ya Valvu: Spiriti, Si Msasa

Kabla hujaiuza kwa bei ya kuni ile redio ya babu iliyobaki sebuleni Jericho au Makongeni hapa Nairobi, bonyeza vitufe vyake kimoja kimoja. Zile za Ujerumani, Grundig au Telefunken, huonekana zimekufa kumbe ubovu uko hapo tu: kimoja hakishuki, kingine kikishuka hakirudi, cha tatu kinatoa mkwaruzo.

Vitufe hivi vinachagua bendi. U ni FM, K masafa mafupi, M masafa ya kati, L masafa marefu, na TA ni ya santuri. Stesheni yenyewe unaitafuta kwa kuzungusha kinobu.

Chomoa plagi, ufungue mgongo, usome majina ya valvu bila kugusa kitu. Yakianza na U, kama UCH au UL, huenda chasi yenyewe inabeba stima. Hiyo mwachie fundi. Zinazoanza na E kwa kawaida zina transfoma, lakini hata hizo kapasita zake kubwa hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Pima kwa mita, na kama volti bado zipo, zimalize kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye wati 5 kati ya chanya na chasi. Si kwa bisibisi, hata kama umeona mtu akifanya hivyo.

Sasa tazama chini ya vitufe. Kuna bamba refu jembamba linalopita chini ya vyote. Kitufe kikishuka hulisukuma kando, spring inalirudisha, nalo linakinasa. Ndiyo maana ukibonyeza cha pili, cha kwanza kinaruka. Grisi ya zamani ikishakauka inakuwa gundi ya kahawia, na bamba likizubaa hakuna kitufe kinachokaa. Dondoshea spiriti ya isopropili, ile ya mafundi wa simu pale Luthuli Avenue. Ya kidonda iache, yaweza kuwa na mafuta. Subiri kidogo, chezesha vitufe, panguza kwa mswaki mkuukuu, urudie mpaka kitambaa kitoke kisafi. Spring ikikosekana, itafute kwanza kwenye sakafu ya kabati. Mara nyingi imechomoka tu. Mwishoni tia mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, kwenye egemeo la chuma pekee.

Kontakti ni habari nyingine. Zimepakwa fedha, na ule weusi unaoziba sauti ni utando mwembamba tu. Msasa huuondoa pamoja na fedha yenyewe, na baada ya miezi michache tatizo linarudi likiwa baya zaidi. Nyunyizia kisafisha kontakti kidogo, bonyeza na uachie mara ishirini hivi, basi. Spiriti isifike kwenye kioo cha namba, maana herufi zitafutika, wala kwenye vanishi ya kabati. Skrubu za koili zilizozibwa kwa nta au rangi usiziguse kabisa.

Ukiwa na redio ya Marekani ambayo kila kitufe kina stesheni yake, iache ipate moto dakika 20 kwanza. Kwa zile zinazozungusha kapasita kwa mkono wa chuma, kwa kawaida unalegeza skrubu ya kitufe, unatafuta stesheni kwa mkono, unabonyeza hadi mwisho, kisha unakaza.

Kabla ya kuwasha redio yoyote, hata hiyo ya Marekani, angalia kichagua volti kilichoko nyuma. Stima yetu ni volti 240. Kama kikomo chake ni 220, tafuta transfoma ya kushusha. Mara ya kwanza pitisha stima kwenye balbu ya uzi ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo na redio. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, vyema. Ikibaki inang'aa, zima haraka.

Usishangae stesheni zikiwa chache. Kwenye nyingi za miaka ya 1950, FM inaishia karibu na 100: Capital ya 98.4 utaipata, Radio Citizen ya 106.7 hutaipata. Fundi akikuambia atavuta koili ifike huko, kataa, ataharibu kilichobaki kizuri. Tumia TA badala yake: toa waya mbili za sauti kwenye simu, kila moja ipitie rezista ya kilo-omu 1, ziungane kuingia tundu la santuri. Hilo ni kwa redio yenye transfoma tu, na simu isiwe kwenye chaja.